Mtoto wa Kulea wa Bibi Quirina

“Ondoa jina langu, dushi.”

Ujumbe wa mchumba wangu uliingia zikiwa zimebaki dakika kumi na saba kufika saa sita mchana. Nilikuwa studio, kipaza sauti mbele yangu, karatasi za marehemu wa siku hiyo zimepangwa mezani. Zilikuwa nne. Ya juu ilikuwa ya bibi yangu.

Nikausoma tena, hadi kwenye dushi, mpenzi kwa lugha yetu. Sikuhisi kitu. Tangu Bibi Quirina alipokata roho jana yake alfajiri, nilikuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno, ganzi yenyewe ikapotea njia, ikasambaa mwili mzima. Nilijua nina mikono kwa sababu niliiona.

Nikampigia.

“Reinier, jina gani?”

“Langu. Kwenye tangazo.”

“Umejuaje kama limo?”

“Mama yako mdogo kamwambia mpishi wetu, mpishi kamwambia Mama. Swinda, nisikilize. Mama amejifungia chumbani. Hali, hasemi na mtu.”

“Bibi naye hali.”

“Usinifanyie hivyo.”

“Nimefanya nini? Nakujibu.”

Alivuta pumzi. Namjua Reinier akivuta pumzi, huwa anatafuta neno lenye adabu.

“Mtoto wa kulea, Swinda. Unajua watu watasema nini? Watasema Mama alinitupa.”

“Aliyeandika ni Bibi, si mimi.”

“Bibi amekufa.”

“Ndiyo maana linasomwa.”

“Nitaeleza mwenyewe baada ya harusi. Zimebaki wiki tatu tu. Nakuomba, dushi.”

“Zimebaki dakika kumi na moja.”

“Kwa hiyo unaliondoa?”

“Kwa hiyo nakunywa maji.”

Nikakata simu.

Hapa Curaçao, saa sita mchana ikigonga, akina mama wanazima jiko ili kelele za mafuta zisiwazuie kusikia nani amekufa. Halafu wanasikiliza mpangilio. Watoto kwanza, wajukuu, kisha mtoto wa kulea kama yupo, kisha watoto wa ubatizo, kisha majirani. Ukitajwa, umetambuliwa mbele ya kisiwa kizima. Usipotajwa, watu watakuuliza sokoni umemkosea nini marehemu. Kwa hiyo wazee wetu hawaachi jambo hilo mikononi mwa wengine. Hujiandikia tangazo wakiwa hai.

Bibi aliandika lake wiki tatu kabla, jikoni kwake, kijijini Barber, akiloweka matunda ya keki yangu ya harusi. Zabibu, tende na plamu kavu kwenye chupa kubwa, ramu juu yake, mdalasini hadi kwenye viwiko.

“Andika,” aliniambia. “Watoto wangu: Minerva, na marehemu Ludwina, mama yako.”

“Nimeandika.”

“Mjukuu wangu: Swinda.”

“Na mchumba wake, Reinier?”

“Ngoja. Huyo simtaji kwa mgongo wako. Mpe mstari wake. Mtoto wangu wa kulea: Reinier van Loenhout.”

“Bibi, mama yake hatapenda.”

“Sikumlea ili mama yake apende.” Akafunga chupa, akaigeuza juu chini mara moja. “Miaka minne alilala kitanda kile pale, kati yangu na ukuta. Alikuwa anaogopa mijusi. Mwaka uliozaliwa wewe ndio mwaka waliomchukua. Andika.”

Nikaandika.

Taa nyekundu ikawaka.

“Kwa masikitiko tunatangaza kifo cha Quirina Apolonia Isenia, wa Barber, aliyejulikana na wengi kama Yaya Kiri. Ameacha mtoto wake, Minerva. Mjukuu wake, Swinda. Mtoto wake wa kulea, Reinier van Loenhout. Mtoto wake wa ubatizo, Olvin. Na majirani zake wote wa Barber.”

Sauti haikutetemeka. Nimesoma vifo miaka minne, sauti yangu imeshazoea kwenda kazini bila mimi.

Nilipotoka, Bwana Tirso, mkuu wa kituo, alikuwa amesimama mlangoni na simu mkononi kana kwamba ameshika kaa.

“Pole kwa msiba, Swinda.”

“Asante.”

“Hii imeita mara tatu. Nyumba ileile. Safari hii anakutaka wewe.”

Nikaipokea.

“Wewe binti.”

“Habari za mchana, Shon Jetta.” Watu wa nyumba kubwa tunawaita Shon. Kwa mama mkwe mtarajiwa nilishaambiwa nimwite Mama, lakini siku hiyo halikunijia.

“Mtoto wa kulea ni mtoto asiye na mama. Mimi nimekufa?”

“Hapana, Shon. Nakusikia vizuri.”

“Nilikwenda Uholanzi kusoma. Kusoma! Sikutoroka.”

“Tangazo halikusema ulitoroka.”

“Lilisema. Kila mwenye masikio amelisikia likisema.”

Kiti kikavutwa upande wake. Nikasikia pumzi yake.

“Nilikuwa na miaka ishirini na mbili,” akasema, sauti imeshuka. “Niliporudi, mwanangu alinikimbia. Alijificha nyuma ya sketi ya bibi yako, akachungulia, akaniita Shon. Mimi! Nimehangaika miaka kumi aache kuniita hivyo. Leo unanisomea redioni?”

Nilijua anaumia kweli. Kujua niliweza. Kuhisi ndiko kulinishinda.

“Utasoma masahihisho,” akasema. “Utasema ulikosea, utaniomba radhi. Vinginevyo harusi hamna.”

Akakata. Bwana Tirso akanitazama.

“Anataka nini?”

“Anataka miaka minne irudi.”

“Hiyo hatuna,” akasema. “Masahihisho tunayo. Yafikirie.”

Tukazika. Nilishika udongo, nikautupa, nikajifuta kiganja. Reinier alisimama nyuma, upande wa waajiri wa zamani wa Bibi, na miwani ya jua. Jioni ile zikaanza sala za siku nane kule Barber. Altare ikapangwa sebuleni: kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa, glasi ya maji. Kila jioni Mama Eudosia, msalishaji, alitangulia, nasi tukaitikia. Mimi niliosha vikombe vya kahawa. Niliviosha hata vilivyokuwa safi.

“Swinda, hicho umekiosha mara tatu,” Mama Mdogo Minerva aliniambia.

“Kweli?”

“Lia basi, mwanangu.”

“Nikipata nafasi.”

Reinier hakuja siku ya kwanza. Wala ya pili. Alituma ujumbe: *Mama hana hali nzuri. Nikija itakuwa vita. Nakuwaza.* Nikapandisha ujumbe kwenye simu, juu, juu zaidi, hadi nikafika kwenye ujumbe wa zamani, kama mtu anayefungua sanduku la nguo za marehemu.

Alikuja Barber miaka mitatu nyuma na kinasa sauti, akaniambia anaandika kitabu kizima juu ya neno moja.

“Neno gani?” nilimuuliza mlangoni.

“Yaya.”

“Kitabu kizima? Sisi tunalimaliza kwa pumzi moja.”

Akacheka. Ndipo nilipomwona. Akaomba namba yangu, eti kwa utafiti. Kesho yake asubuhi: *Kwa Wakechua wa milima ya Peru, yaya ni baba. Hata Mungu wanapomwomba wanamwita hivyo.* Nikamjibu: *Na wewe unataka niombe nini?* Siku iliyofuata: *Kule Valencia, yaya ni bibi mzaa mama au baba. Wagiriki nao wanakaribia hapohapo.* Kisha Wakongo, ambao kwao ni ndugu mkubwa, yule wa kukubeba mgongoni. Kisha Wafilipino. Kisha: *Afrika Mashariki wanalo hilihili letu, Swinda! Mwanamke anayelea mtoto wa mwenziwe. Bahari mbili katikati, neno lilelile, kazi ileile.* Kuna wanaume wanatongoza kwa maua. Huyu alinitongoza kwa neno moja, na kila asubuhi niliamka nikitaka kujua limelala nchi gani.

Nilipojikata kidole, alinitumia hili: *Chile, mtoto akiumia, kidonda chake kinaitwa yaya. Nionyeshe yaya yako.* Nikampelekea picha ya kidole. Wiki ile ndiyo tuliyobusiana.

Bibi alikuwa akitusikiliza tukibishana juu ya asili ya neno.

“Limekuja na meli kutoka Kongo,” nilisema.

“Au limepanda kutoka bara, kwa Wahispania,” Reinier akasema. “Hakuna ushahidi wa kutosha.”

“Ninyi wasomi mnatafuta mbali,” Bibi akasema, akimenya ndizi. “Limetoka kwenye mdomo wa mtoto mwenye njaa. Hajui jina la mtu bado. Anafungua mdomo tu, anayekuja ndiye.”

Reinier aliwasha kinasa sauti haraka. “Rudia, Yaya. Tafadhali rudia.”

“Ulilisema wewe kabla sijalirudia mimi,” Bibi akamjibu. “Ukiwa na miaka miwili. Kula ndizi.”

Siku ya saba, tarishi alileta bahasha. Kitabu cha Reinier kilikuwa kimetoka kiwandani. Jalada zuri, jina lake kwa herufi nene. Nikakaa jikoni kando ya chupa ya matunda, nikafungua ukurasa wa kwanza. Kisha nikampigia.

“Umekipata!” Sauti yake ilikuwa na furaha, masikini. “Umesoma?”

“Ukurasa wa kwanza.”

“Ah.”

“Nakusomea. ‘Kwa mama yangu Henriëtte, aliyenifundisha neno hili.’ Alikufundisha lini?”

“Swinda...”

“Nauliza tu. Akiwa Uholanzi, kwa simu?”

“Ni tabaruku. Ni heshima. Nilimwandikia kabla ya haya yote, alikuwa mgonjwa.”

“Bibi yuko ukurasa wa ngapi?”

“Arobaini na tatu. Na kwingine pia, maneno yake yamo kila mahali, kitabu kizima ni yeye!”

Nikafungua wa arobaini na tatu. “‘Mwanamke mmoja mzee wa magharibi ya kisiwa anadai kuwa neno hili hutoka kwenye mdomo wa mtoto mwenye njaa.’ Ndiye huyu?”

“Ndivyo tunavyoandika. Hatutaji majina ya watoa habari.”

“Mama yako umemtaja.”

Nikarudisha kidole kwenye mstari uleule.

“Na anadai,” nikasema. “Bibi anadai. Wewe ulikuwa ndio huo mdomo, Reinier.”

“Kesho nitakuja. Siku ya nane. Naapa nitakuja.”

“Njoo. Saa kumi na moja jioni.”

Akaja. Nilikuwa kibarazani nilipoona gari jeusi likisimama nje ya ua wa dungusi. Akashuka yeye, suti nyeusi, maua meupe. Kioo cha nyuma hakikushushwa, lakini niliona kofia ya mwanamke ndani.

Mama Mdogo Minerva ndiye aliyempokea mlangoni. Alikuwa mtulivu kama mtu anayeelekeza njia.

“Karibu, Reinier. Asante kwa maua.”

“Poleni, Mama Minerva.”

“Tumeshapoa. Sasa, unajua taratibu. Watoto wanakaa ndani, karibu na altare. Wageni wanakaa uani. Viti vipo kote.”

Ndani, mstari wa mbele, palikuwa na kiti kimoja kitupu. Cha mbao, kifupi, cha enzi za utoto wa Reinier. Mimi nilikuwa nimekiweka asubuhi. Sikumwambia mtu, lakini hakuna aliyekikalia, hata Olvin mwenye mgongo mbovu.

Reinier alikitazama. Nakuapia alikitambua. Kisha akageuza shingo, akatazama gari.

Kioo hakikushuka. Hakuna aliyemwita. Hakuna aliyemkataza.

Akavuta kiti cha plastiki uani, kati ya muuza barafu na mwalimu mstaafu, akakaa.

Mama Eudosia akaanza sala. Tukaitikia. Mshumaa ukazimwa, kitambaa kikakunjwa, msalaba ukashushwa, na mwishoni kabisa tukafungua madirisha yote mara moja ili Bibi apate pa kupitia. Upepo ukaingia, ukazunguka, ukatoka. Watu wakalia. Mimi nilikuwa nikihesabu vikombe.

Watu walipohamia kwenye supu ya mbuzi, Reinier akanifuata kwenye tangi la maji.

“Nimekuja, umeona?”

“Nimeona ulipokaa.”

“Kiti ni kiti, Swinda.”

“Haya.”

“Ulitaka nifanye nini? Mama alikuwa ananiangalia!”

“Bibi naye alikuwa anaondoka.”

“Unadhani mimi siumii?” Akavua miwani. Macho yalikuwa yamevimba, na hakuwa anaigiza. “Nakumbuka kila kitu. Nakumbuka mijusi. Nakumbuka alivyokuwa ananipulizia uji. Lakini mama yangu yuko hai, na aliyekufa haumii tena. Ninayeweza kumwokoa ni mmoja tu.”

“Umesema vizuri.”

“Usiniongeleshe kwa sauti ya redio!”

“Sina nyingine kwa sasa.”

Akatoa karatasi mfukoni, imechapwa, imekunjwa mara mbili. “Sentensi moja. Kesho saa sita. ‘Katika tangazo lililopita jina la Bwana Reinier van Loenhout lilitajwa kimakosa, tunaomba radhi.’ Basi. Halafu tunaoana, tunaondoka hapa, tunaishi tunavyotaka. Unanipenda?”

“Nakupenda.”

“Basi soma.”

“Limetajwa kimakosa na nani?”

“Kwani ni muhimu?”

“Ukinitajia mtu aliyekosea, nitamwombea radhi.”

Akaikunja tena karatasi. Nyuma yake gari lilipiga honi mara moja, fupi, ya adabu.

“Nenda,” nikamwambia. “Na pete yako iko jikoni, kwenye kisahani cha sabuni.”

Akatazama mkono wangu. “Umeivua?”

“Niliivua siku ya kwanza nikiosha vikombe. Nikasahau kuivaa.”

“Siku nane?”

“Siku nane. Leo ndiyo nimeikumbuka, baada ya kukuona uani.”

Neno hilo lilimpata kuliko tusi. Akaingia ndani, akapita mahali palipokuwa na altare, akafika jikoni. Alikaa humo muda mrefu kuliko pete inavyohitaji. Alipotoka alipita kando yangu, mlango wa gari ukafungwa, vumbi likainuka. Kwenye kisahani ilibaki sabuni.

Mama Mdogo alinikuta nimesimama pale.

“Na hii chupa ya matunda, tuifanyeje?”

“Oka,” nikasema. “Wagawie waliosali.”

“Keki ya harusi, matangani?”

“Bibi aliiloweka mwenyewe. Haiwezi kutupwa.”

Kesho yake, dakika tano kabla ya saa sita, Bwana Tirso aliweka karatasi mbili mezani kwangu. Moja ilikuwa shukrani za familia yetu, zile zinazosomwa baada ya siku nane, majina yaleyale kwa mpangilio uleule. Nyingine ilikuwa ile iliyochapwa. Ilifika kituoni kabla yangu.

“Mimi siamui,” akasema. “Ila wale ni watu wenye mkono mrefu, na mimi nina kituo kidogo.”

“Naelewa, Bwana Tirso.”

“Utasoma ipi?”

“Zote mbili nimeshazisoma.”

Alinitazama, akatoka, akasimama nyuma ya kioo.

Taa nyekundu. Nikasoma vifo viwili vya siku hiyo, mvuvi wa Westpunt na mwalimu wa Otrobanda, kila mmoja na watu wake. Kisha nikashika karatasi ya tatu. Vidole vikaanza kunichoma, kidogokidogo, vile inavyochoma ganzi ikianza kuondoka. Nikajua kwamba usiku nitalia, na kwamba nitamlilia yeye pia, yule kijana wa asubuhi zile.

“Familia ya marehemu Quirina Apolonia Isenia, Yaya Kiri, inawashukuru wote walioshiriki msiba. Wanaoshukuru ni mtoto wake, Minerva. Mjukuu wake, Swinda. Mtoto wake wa kulea, Reinier van Loenhout. Mtoto wake wa ubatizo, Olvin.”

Nyuma ya kioo Bwana Tirso alifumba macho. Mkono wake ulikuwa juu ya swichi. Haukushuka.

“Kituo kimeombwa kusahihisha jina moja katika orodha hii,” nikasema. “Jina hilo liliandikishwa na marehemu mwenyewe, nikiwa nimeshika kalamu, akili zake timamu, mikono yake inanuka mdalasini. Alimlea mtoto huyo miaka minne. Hajakosea hesabu, nami sijakosea kusoma. Shon Jetta, najua unanisikiliza, na najua inauma. Reinier, najua nawe unasikiliza. Nimewaelewa wote wawili.

“Siombi radhi.”